Bunduki Kumi na Moja za Mama Asumini

Kwanza mujue mutu mwenyewe. Mama Asumini wa Katindo, hapa Goma, njia ile inayoteremka pembeni ya kambi ya wasoda wa jeshi, ndiye yule anayeuza mawese kwa chupa. Ukimwambia chupa haijajaa, anaimwaga yote kwenye bidoni yake na kukutuma ukanunue kwa mutu anayependa kuchezewa. Ni mwembamba, mweusi, ana meno sita mbele na yote yanafanya kazi. Watu wake ni wa Kasongo, kule Maniema, na hutakaa naye dakika tano bila kulijua, kwa sababu atakukosoa Kiswahili chako. Wake wa wasoda wanaokuja na Lingala yao kununua mawese wanatoka pale wamejifunza kusema "tafadhali".

Mume wake, marehemu Alimasi, alikuwa shofere wa malori ya Walikale. Alipokufa alimwachia nyumba ya mbao, redio inayoshika stesheni moja tu, tena ya Wapentekoste, na bunduki. Sima, yaani sakafu ya simenti ya ile nyumba, hakuiacha Alimasi. Hiyo ni ya mama mwenyewe. Volkano ya kwanza ilipoila nyumba yao, alirudi juu ya yale mawe meusi yangali moto, akabeba muchanga kichwani kutoka upande wa ziwa siku kumi na tisa, akamwaga sima kwa mikono yake na kuilainisha kwa kipande cha chupa. Hata imamu akiingia mule anavua viatu mara mbili: kwa dini, na kwa sima.

Sasa ile bunduki. Ni ya kuwindia, mudomo mumoja, risasi mojamoja. Kwenye karatasi inaitwa kalibre duze, yaani kumi na mbili kwa Kifaransa, lakini hakuna muwindaji anayejisumbua na hilo neno kalibre. Wanasema tu "duze". Niko na duze, lete duze, marehemu alibeba duze. Mama Asumini aliipiga mara moja tu maishani, wezi walipokuja kwa mbuzi wake. Mwizi alikimbia. Papayi ya jirani yake Guylain haikukimbia, ikaanguka na matunda yake yote, na mama akamwambia Guylain ashukuru, kwani yeye asingekuwa na nguvu ya kupanda juu kuyachuma.

Alimasi alipotimiza arobaini kaburini, mama alienda kwenye biro ya karatasi za silaha ili bunduki iandikwe kwa jina lake. Akarudi na karatasi iliyopigwa muhuri, kashe mbili. Hakumuomba mutu amsomee. Asomewe nini? Jina lake aliliona, analijua. Akaifunga ndani ya nailoni, akaiweka chini ya matela, akailalia miaka miwili kama mutu mwenye amani.

Halafu, mwaka uliofuata volkano ya mwisho, ikaja konvokasio, wito wa serikali. Redio zote zilisema kila mwenye bunduki ya kuwindia aipeleke ihesabiwe. Mama aliposikia hakuona la kutisha, ni moja, ataipeleka. Lakini barua ililetwa mpaka mulangoni, na Élodie, dada yule anayeuza yunite za simu chini ya parasoli mbele ya nyumba yake, ndiye aliyemsomea.

"Mama, wanasema ulete bunduki zako."

"Zangu?"

"Zote kumi na mbili."

Mama Asumini akaacha kupangusa chupa. "Soma tena. Na usisome kama mutu aliyelewa."

Élodie akasoma tena. Kumi na mbili. Katika siku saba, zote kwenye biro. Zikikosekana, watu wa kuzitafuta watafika wenyewe nyumbani, na siku tatu kati ya zile saba zilikuwa zimekwisha kuliwa na ile barua njiani.

"Mama," Élodie akasema polepole, akiangalia kambi kisha akiangalia mama, "kumbe sisi tunakaa karibu na kambi mbili?"

"Cheka. Watakapokuja nitawaambia sita ni zako."

Lakini yeye hakucheka. Alijua jinsi watu wale wanavyotafuta. Kwa Guylain walitafuta pistole moja ambayo hata haikuwepo. Walikuja na sululu, wakachimba chini ya nyumba mpaka mawe ya volkano, hawakupata kitu, wakaaga kwa adabu na kuacha shimo. Kwa pistole moja, shimo moja. Kwa bunduki kumi na moja watachimba nini, kisima? Usiku haukumpa shida, alilala. Lakini asubuhi, akifagia, alijikuta anafagia kidogokidogo, kama mutu anayempangusa mutoto uso.

Siku mbili alitafuta karatasi ya mazishi ya Alimasi, kwa sababu kwenye mabiro ya Goma hata marehemu wanaombwa kithibitisho. Siku nyingine ilikuwa Jumapili. Siku ya saba akaifunga bunduki ndani ya mukeka, akasimamisha motari, kijana wa pikipiki.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Mwiko."

"Murefu vile? Wa kupikia nani?"

"Wa kupikia wewe, kama hutaendesha polepole."

Motari aliendesha polepole.

Kwenye mulango wa biro musoda alikunjua mukeka, akaikunjua bunduki katikati, akachungulia ndani, akaona hakuna risasi, akamrudishia salama. Ndani alikuwa Fortunat. Huyo ndiye karani aliyemuandikia ile karatasi: kijana wa upande wa Bukavu, karavati imemkaba shingo, kalamu mbili mufukoni, moja haiandiki lakini inapendeza.

"Mama, umeleta moja," Fortunat akasema. "Zingine ziko wapi?"

"Zingine uliziandika wewe. Uzitoe wewe."

"Karatasi inasema kumi na mbili."

"Na miye ninasema moja. Karatasi iko na miaka miwili, miye niko na sabini na moja. Nani unapashwa kuheshimu?"

Fortunat akavuta pumzi, akashusha sauti kama mutu anayetoa zawadi. Kusahihisha rejista, akasema, ni mambo ya kupanda mpaka kwa shefu, kuna fomu, kuna sababu za kuandika, ni siku nyingi. Lakini kuna njia fupi. Deklarasio ya kupoteza. Mama anasaini kwamba zile kumi na moja zimepotea, wanapiga kashe, dakika mbili, anarudi kwa mawese yake.

"Zipotee?" Mama Asumini akauliza. "Kumi na moja?"

"Kwenye karatasi tu, mama."

"Papa Fortunat. Goma hii, mutu akipoteza kuku, mutaa mzima unahojiwa. Miye nipoteze bunduki kumi na moja halafu nirudi nyumbani kuchemsha maharagi? Hiyo njia yako fupi inafika wapi? Inafika gerezani!"

"Mama, usipige kelele."

"Bado sijaanza."

Na kweli alikuwa bado. Alipoanza, watu waliokuwa kwenye foleni nje waliingia kusikiliza, musoda wa mulangoni aliingia kuwatoa akabaki naye, na mwishoni shefu mwenyewe, Muzee Havugimana, akatoka kwenye chumba chake na miwani mukononi. Alikuwa mutu mutaratibu, ambaye miaka ya kukaa kwenye biro ilikuwa imemfundisha kuchoka bila kukasirika.

"Lete rejista," akasema.

Rejista ikaja, kubwa kama mulango. Wakatafuta mwaka, wakatafuta mwezi, wakalipata jina. Shefu akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "Idadi ya silaha: kumi na mbili. Kalibre: moja."

Musoda akapasuka kicheko. "Kalibre moja! Muzee, namba ikishuka mudomo unapanuka: hiyo si bunduki, ni ya kubomolea mulima!"

"Nyamaza," shefu akasema, lakini ndevu zake zilikuwa zinatembea. "Fortunat. Siku ile ulimuuliza mama namna gani?"

"Vile tunauliza wote, shefu. 'Bunduki ngapi?' Akajibu duze. Nikauliza, 'Na kalibre?' Akajibu moja. Nikaandika vile alisema."

"Uongo!" Mama Asumini akasimama. "Aliniuliza, 'Bunduki ya ngapi?' Ya ngapi! Mutu akikuuliza bunduki ya ngapi unajibu nini? Ya duze! Kisha akaleta Kifaransa chake cha puani, nikasema huyu sasa anauliza ziko ngapi, nikamwambia moja. Nimekosa wapi?"

"Sikusema 'ya', shefu."

"Ulisema."

"Sikusema, mama. Na wewe ulijibu 'duze', hukujibu 'ya duze'."

"Miye?" Aligeukia foleni nzima, mkono kifuani. "Miye mutu wa Kasongo nimeze 'ya'? Kiswahili miye nilikinyonya! Wewe ulikisomea, tena ulikuwa unatoroka masomo!"

Shefu akaketi kwenye kona ya meza. Akaeleza, kwa ile sauti yake iliyochoka, kwamba bunduki ameiona, ni moja, na mutoto mudogo angeona kwamba namba mbili zilibadilishana viti. Kusahihisha anaweza, leo hii, yeye mwenyewe. Lakini fomu ya kusahihisha ina musitari unaouliza sababu ya kosa, na chini yake ni lazima mwenye kosa asaini. Bila ile sahihi hakuna kashe. Na saa tisa na nusu, biro ikifungwa, lisiti ya majina ya wasioleta silaha inatoka kwenda kwa wale wanaotafuta.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane na dakika hamsini.

"Fortunat, saini."

Fortunat akawa na macho ya mbuzi wa sikukuu. "Shefu, mwaka huu nimekwisha kusaini makosa mbili. Ya tatu wananituma Walikale, porini kule."

"Walikale kuna mawese mazuri," mama akasema.

"Basi mama, saini wewe," shefu akasema. "Hakuna atakayekufanya kitu. Ni kuandika tu kwamba ulijibu vibaya."

"Sikujibu vibaya."

"Mama. Watakuja kuchimba."

Pale mama aliushika mukeka wake kwa mikono miwili. Aliiona sima. Aliona kona ile karibu na kitanda inayong'aa zaidi, ambapo alilainisha mara mbili kwa sababu siku ile alikuwa na hasira na Alimasi. Siku kumi na tisa za muchanga. Kwa upande mwingine kulikuwa na neno moja tu, "nilikosa", ambalo watu wengine wanalisema kila siku wakikanyaga mutu mguu. Alilijaribu mudomoni. Lilikuwa na ladha ya sabuni.

"Lete hiyo karatasi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Fortunat kwa haraka, na kwa furaha ya kupona Walikale, akachukua karatasi iliyokuwa karibu. Haikuwa ile ya kusahihisha. Ilikuwa ile nyingine, ya dakika mbili, aliyokuwa amekwisha kuiandika jina la mama juu.

Mama akaweka kidole kwenye musitari mutupu. "Hapa inasema nini?"

"Kitu kilichopotea," musoda akamsomea kutoka nyuma.

Mama Asumini akaiangalia ile nafasi tupu kwa muda. Kisha mgongo wake ukanyooka, polepole, kama mutu anayeinuka kutoka jikoni.

"Andika: 'ya'."

"Ya nini, mama?" Fortunat akauliza.

"'Ya' tu. Herufi mbili. Ilikuwa hapa, kwenye hii biro, miaka miwili iliyopita. Ilianguka kati ya mudomo wako na sikio langu, ao kati ya mudomo wangu na sikio lako. Nani aliidondosha, Mungu anajua, wewe hujui na miye sijui. Lakini imepotea. Hiyo ni kweli, na hiyo ninaweza kuapa kwa Kurani na wewe ukaapa kwa Bikira wako, hakuna atakayeenda jehanamu."

Shefu Havugimana alivua miwani. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikakataa, kikatoka kicheko, na kikishatoka hakikurudi haraka. Foleni ikacheka. Fortunat akawaangalia wote mumoja mumoja, kuona kama anachekwa au anaokolewa, akaona ni vyote viwili, akachukua kalamu inayoandika.

"Kilipotelea wapi?" akasoma kwenye fomu, uso mukavu wa kazi.

"Kwenye meza yako."

"Ulifanya juhudi ya kukitafuta?"

"Tangu asubuhi."

"Thamani ya kitu?"

Hapo mama hakufanya mzaha. "Nyumba yangu," akasema.

Shefu mwenyewe ndiye aliyechukua fomu ya kusahihisha, na kwenye ule musitari wa sababu akaandika kwamba waone deklarasio iliyoshikizwa, neno moja dogo lilipotea, pande zote mbili zinakubali, na pale pa sahihi ya mwenye kosa akaandika: hakuna. Kwenye rejista akapiga musitari mwekundu juu ya kumi na mbili, akaandika moja. Akapiga juu ya moja, akaandika kumi na mbili. Kashe ikagonga. Ikagonga tena, na jina la mama likafutwa kwenye lisiti. Karatasi mpya Fortunat aliiandika huku mama amesimama juu ya bega lake, akimtajia kila namba kabla hajaifikia, na alipomaliza akamsomesha mara tatu mbele ya watu.

"Bado kusaini," Fortunat akasema, "hapa, na hapa." Akamsogezea kile kiboksi cha wino wa buluu, wa kidole gumba, vile wanavyowasogezea akina mama wote wa umri wake bila kuwauliza.

Mama Asumini akakisukuma nyuma kwa kidole kimoja. "Kalamu."

Akapewa kalamu. Ilikuwa ile isiyoandika. Akaitazama, akamtazama Fortunat, akapewa nyingine. Akavuta kiti, akakaa, akapangusa mkono wa mawese kwenye kitenge, akainama mpaka pua karibu iguse meza, akaanza jina lake herufi mojamoja. Nje walikuwa wameanza kufunga madirisha. Saa ya ukutani ikafika tisa na nusu, ikaipita.

"Mama, biro inafunga," Fortunat akasema kwa upole.

"Ifunge," akajibu bila kuinua kichwa. "Niko kwa M."