Mdada wa kwenye riwaya alinikera, mpaka nilipolazimika kumsoma kwa sauti

Kamwene wakuu,

Hii siyo chai, imenitokea mimi mwenyewe hapa Mafinga. Niliishia darasa la saba na naandika taratibu, mnivumilie.

Napiga msasa kwenye karakana ya Fundi Sanga. Wenzangu wanatengeneza vitanda, mimi nalainisha mbao. Maneno mengi sina. Mteja akiniongelesha naangalia maranda chini.

Mpangaji wa shangazi alihamia Iringa mjini akaacha riwaya moja nene, jalada limeshatoka. Nikawa naenda nayo kazini. Siku umeme ulipokatika, mashine zote kimya, Fundi akasema, "Binti, tusomee basi, au tukae tunaangaliana?"

Ikawa ndiyo kawaida. Umeme ukikatika nasoma, kidole kwenye mstari.

Humo kuna mdada anaitwa Atupele, anauza mchele Mbeya. Wakuu, alinikera! Kila saa "nataka". Nataka duka. Nataka lori langu mwenyewe. Mchumba wake anamwambia atulie, yeye anajibu, "Nitatulia nikiwa ndani ya lori." Nilimwona ana tamaa, hana aibu.

Maneno yake yalinishinda kuyatamka mbele ya wanaume. Nikawa nayaruka kimyakimya.

Siku moja Jofrey, fundi wa kukereza miguu ya vitanda, yaani kuichonga mviringo kwa mashine, akashtuka. "Subiri. Juzi ana gunia la mchele, leo ana lori. Kalitoa wapi?"

Fundi akanitazama. "Wewe umeruka. Rudi nyuma."

Nikarudi. Ni pale Atupele amesimama mbele ya wenye malori na wanamcheka. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikasoma: "Nataka lori. Sijaja kuomba ruhusa ya kutaka."

Nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema nataka. Na paa halikuanguka.

Tangu hapo sikumruka tena. Akiumizwa naumia mimi. Alipopata lori la pili Jofrey alipiga makofi, mimi nikafuta macho nikasingizia vumbi.

Sasa la kwangu. Muda mrefu nilikuwa naitamani ile mashine ya kukereza, sikumwambia mtu. Mwezi uliopita Jofrey akapata kazi Kilolo. Fundi akauliza nani anamjua kijana wa kushika nafasi yake.

Nikasema, "Nataka mimi."

Jofrey akacheka. "Dada Msasa! Hiyo mashine itakumeza."

"Nataka mimi," nikarudia, safari hii namtazama Fundi usoni.

Akamwambia Jofrey anifundishe kabla hajaondoka. Miguu ya kitanda niliyokereza mwanzo iliharibika, ikaenda jikoni kwa shangazi, kuni.

Lakini juzi kitanda chenye miguu niliyokereza mimi kimepakiwa kwenda kwa mteja Ipogolo. Fundi alipitisha kiganja kwenye kila mguu, akasema, "Hapa hujaruka."

Wakuu, najivunia, siwezi kuficha.

Nilichojifunza: mtu wa kwenye kitabu akikukera sana, msome kwa sauti. Huenda anasema la kwako.

Riwaya bado haijaisha. Siku hizi umeme haukatiki, na mafundi wananung'unika.

Na wewe, yupo wa kwenye kitabu uliyemchukia mwanzo ukaja kumpenda? Andikeni hapa chini. Nitasoma zote, taratibu.