Antena juu ya nyumba ya Bi Mwanaisha

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningeongeza, ningejipamba kidogo.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha Mombasa, nimetoka chuo kikuu na kichwa kikubwa. Mimi na wenzangu wawili tulitaka kukifikishia intaneti kisiwa kimoja kidogo cha kaskazini, kisicho na simu wala umeme.

Si intaneti mnayoijua. Ilikuwa barua pepe inayosafiri kwa redio, bila waya, polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Kule kompyuta ilikaa zahanati, kwa betri ya sola. Huku antena ilisimama juu ya nyumba ya Bi Mwanaisha, mjane wa Mji wa Kale.

Alikubali kwa sababu moja. Mamake alikuwa kule kisiwani, mgonjwa, na barua ya mkono ilichukua wiki nzima.

"Mwanangu, mitambo yako mimi siijui," aliniambia. "Nataka nikiitwa nisikie."

Mwezi mmoja alisikia. Muuguzi akiandika, mimi namsomea: mama amekula, mama amelala vizuri.

Kisha upepo ukaipinda antena. Asubuhi nikapanda kuinyoosha.

Hapa nieleze kidogo. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana. Ukiwa juu ya moja waona ua wa jirani, na wanawake wamo humo vichwa wazi. Kwa hiyo fundi yeyote hupaaza sauti kwanza, "Juu kuna mtu!", akangoja wajisitiri.

Mimi niliwaza antena tu. Nikapanda kimya.

"We mwalimu!" Alikuwa Mzee Abdalla, jirani. "Wawachungulia binti zangu? Chuo kikuu chote hicho, hawakukufunza kupiga hodi?"

Ningeomba radhi pale pale, yangekwisha. Badala yake nikamfundisha masafa ya redio.

Mchana akaja na majirani: antena ishuke mpaka tukae tuzungumze. Nikaishusha kwa hasira, na mazungumzoni sikwenda. Siku tatu nikajiona nimedhulumiwa.

Siku ya nne nikamwendea Mzee Abdalla, nikaomba radhi. Akanimiminia kahawa. "Ungekuja juzi, bwana. Sisi twakungoja wewe."

Antena iliposimama tena, barua ya muuguzi ikaingia: "Mama anamwita Mwanaisha. Aje leo."

Bi Mwanaisha akaondoka saa ile ile. Alimkuta mamake amezikwa.

Aliporudi hakunilaumu. Aliniomba nimsomee tena ile barua, kisha akauliza, "Iliandikwa siku gani?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia: jioni ile ile niliyoishusha antena.

Akahesabu kwa vidole, taratibu.

"Ningewahi," akasema.

Wakuu, mtambo wetu haukuwa na hitilafu hata moja. Neno "nisamehe" ndilo lililochukua siku tatu kuvuka kichochoro.

Kama nawe kiburi chako kimewahi kumchelewesha mtu, andika hapa chini. Sitakucheka.