Betri Haikai Chumbani

Siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, nilikuwa kijana nikisaidia kujenga ghala la nyanya yangu. Baba mdogo alitaka mavuno yalazwe nyumbani kwake, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa na kufuli. Nyanya hakuinua hata kichwa. "Chakula cha wote hakilali chumbani mwa mmoja," alisema. "Siku ukisafiri, baba yako ataingiaje kwako? Afe njaa kwa sababu ya heshima?" Tulicheka, lakini ghala likajengwa uani.

Maana kwetu Gusii, kama hujui, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi desturi hiyo naishika mpaka leo.

Sasa sikia. Mke wangu Kerubo ana kisukari, na dawa yake ya sindano hukaa kwenye friji. Huku Nyamira radi ikipiga stima hupotea, na kila ikipotea moyo wangu ulikuwa juu juu. Tahadhari kabla ya hatari. Tukaamua kuweka sola. Kijana wangu Momanyi, aliyeoa na kujenga jirani na nyumba yangu, akaleta fundi kutoka Keroka. Fundi akauliza kwanza ni kitu gani hakiwezi kungoja. Tukasema friji, kisha taa, televisheni itavumilia. Paneli zikapangiwa paa la Momanyi, kwani langu limefunikwa na kivuli cha mikaratusi. Hapo sikubisha, juu ya paa si ndani ya nyumba.

"Na betri itakaa kwa chumba yangu, Baba," Momanyi akasema. "Hiyo ni kitu ya wezi."

Nilikuwa kama namsikia baba mdogo. Nikamwambia, "Mimi siingii kwako, na mama yako hakanyagi chumba chako cha kulala. Ijengewe kibanda uani, chenye mlango wa chuma na hewa ya kutosha, na ufunguo mmoja ukae kwangu." Alinung'unika, lakini alijenga.

Mwezi wa Agosti Momanyi akaenda makambi ya kanisa na mkewe na watoto. Alasiri moja radi ikapiga, stima ikaenda, na friji nayo ikanyamaza. Mvua ilipopungua nikafungua kibanda, nikampigia fundi simu. Swichi kubwa ya betri ilikuwa imejizima. Akanieleza cha kukagua kwanza, ndipo nikaiwasha. Niliporudi jikoni friji ilikuwa inanguruma, na Kerubo ameiwekea mkono kama anayepapasa ndama. Nikakaa kitini nikacheka peke yangu. Sijawahi kufurahia kelele ya friji namna ile.

Mwanangu, akiba haiozi, lakini akiba usiyoweza kuifikia ni kama ya jirani. Unapopanga sola, usianze na ukubwa wa paneli. Anza na yule atakayeihitaji siku ambayo wewe hupo, uone kama miguu yake na heshima yake vitamfikisha kwenye betri. Mungu akujalie jua la asubuhi, na siku ya mawingu ikija, ufunguo uwe mkononi mwa aliyebaki nyumbani.