Kikuku Chini ya Leso

Sikufundishwa na mtu kutunga shanga. Nilinunua bangili iliyochakaa, nikaifumua mstari kwa mstari, na kila mstari nikauchora kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Daftari lilipojaa nilielewa jinsi bangili inavyoshikana. Tangu hapo hutunga kila alasiri kwenye meza ya kulia, nyumbani kwangu Kinoo. Shanga hazilingani hata zikitoka pakiti moja. Lazima uchague kwanza, nene huku na nyembamba kule, la sivyo kazi inapinda.

Ruracio ya binti yangu ilipokaribia, siku ya upande wa mchumba kuleta mahari, nilimtungia kikuku cha mguuni: shanga nyeupe, buluu na za rangi ya chungwa. Nilikifumua mara mbili kwa sababu ya shanga moja iliyojitokeza.

Kwetu siku hiyo bibi harusi hufunikwa leso pamoja na wasichana wengine wa kimo chake, na mchumba amtambue. Akikosea, anatozwa mbuzi. Kwa hivyo wachumba wote hutafuta alama, na kinachoonekana ni miguu tu. Siku moja kabla, nilimpigia simu kijana aliyemchumbia, nikamwambia atazame kikuku cha shanga. Nilijiambia namsaidia. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu aitazame kazi yangu kwa makini.

Asubuhi nilimpa binti yangu. Alikizungusha mkononi, akasema kimependeza, akaingia nacho chumbani kuvaa.

Wasichana watano walitolewa wakiwa wamefunikwa. Kijana alipita mara moja tu, macho chini, akasimama mbele ya wa tatu bila wasiwasi wowote. Leso ilipofunuliwa, alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, na kikuku changu mguuni.

Wanawake wetu walicheka hadi wakashikana mabega. Shangazi mmoja akamwambia, "Mchukue tu huyo, hata yeye anajua kupika. Lakini sasa mbuzi ni wawili." Kijana hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi. Nami nikatazama miguu ya msichana wa mwisho, binti yangu: cheni nyembamba ya dhahabu, ya dukani.

Baada ya chakula nilimkuta binti yangu chumbani, nikamuuliza kwa nini alikivua akampa binamu yake.

"Mami, hiyo inakaa kitu ya kuuzia watalii. Watu wao wangesema nini?"

"Ulisema kimependeza."

"Ningesema nini, na ulikuwa umesimama hapo?" Kisha akaelewa. "Ni wewe ulimwambia aangalie? Umefanya achekwe mbele ya wazee wao."

Nilikubali kwamba ni mimi. Akasema ningemuuliza kwanza kama atakivaa. Alisema kweli, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe.

Mpwa wangu alikuja jikoni jioni. "Anti, naeza baki nayo?" Nikamwambia abaki nacho, nikaendelea kuosha sufuria.

Hukivaa kanisani. Wanawake wakimuuliza kimetoka wapi huwaelekeza kwangu, nami huwatungia. Binti yangu sasa anaishi Parklands, na hunitembelea mara chache, na mumewe. Nikisikia gari lao getini, nafunika trei ya shanga kwa gazeti na kuisukuma chini ya kitanda. Hajawahi kuuliza kama bado natunga.