Taa zilipasuka njia ya Kabuta, lawama ikavushwa ziwa

Wakuu, heshima kwenu.

Kosa nitakaloeleza lina jina, nami nalitaja mapema: ni kumhukumu muuzaji kwa kuangalia alikotoka, kabla ya kuangalia mikono iliyopokea alichouza.

Nimesukumwa na nyuzi nyingi za humu kuhusu taa za gari. Mtu anafunga balbu mpya, inakufa, anakuja hapa kumtukana aliyemuuzia. Huenda alidhulumiwa kweli. Lakini mimi niliwahi kuona jambo hilo likienda mbali kuliko matusi. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona, na pale kumbukumbu inaponiacha nitanyamaza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikinunua samaki wakavu Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, na nilikuwa nimeoa huko huko.

Kaka wa mke wangu aliitwa Chanda. Aliniita mulamu, yaani shemeji kwa Kibemba. Alikuwa mtu wa kanisa, mchapakazi, na sauti yake ilifika mbali. Baba yake alikuwa mvuvi wa chisense, dagaa wa ziwa lile, ambao huvuliwa gizani kwa mwanga wa karabai. Chanda mwenyewe aliacha mtumbwi akanunua pikapu kuukuu. Alibeba samaki kutoka Kabuta, kijiji cha wavuvi, kuja Nchelenge, na mara nyingine hadi Mansa.

Taa za pikapu ile zilikuwa na mwanga wa mtu anayesinzia.

Asiyeijua barabara ya Kabuta hawezi kujua maana yake. Jioni baiskeli hutoka ziwani zikiwa na matenga ya samaki nyuma, hazina taa, hazina kioo cha kung'aa, na mwenye baiskeli amevaa nguo za rangi ya udongo. Dereva humwona akiwa ameshamfikia.

Kwa haki, Chanda hakukaa tu. Fundi alimsafishia waya wa masi, ule unaounga betri na bodi ya gari, ulioliwa na kutu, akakaza vichwa vya betri, akaosha vioo. Mwanga uliongezeka kidogo. (Nawasihi wenye gari za zamani waanzie hapo kabla ya kununua chochote.) Lakini haukutosha, akaamua kutafuta balbu za halojeni.

Balbu hizo zilikuwa zikiletwa na mama mmoja Mkongomani aliyevuka ziwa kutoka Kilwa. Siyo Kilwa yetu ya Lindi, ni Kilwa ya Kongo. Alikuja kwa boti na vitenge, sabuni na vipuri, na fedha aliyopata alinunulia samaki wa kukaushwa kwa moshi, akawapeleka kuuza Mansa kwa pikapu za akina Chanda. Pale mwaloni, boti zinapoegeshwa, watu walimwita Mukongomani, basi.

Nilikuwepo siku Chanda aliponunua. Mama yule alizitoa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, akasema, "Papa, usishike kiyoo. Shika hapa ku chuma."

"Awe, mayo!" Chanda akacheka, yaani hapana, mama. "Mimi ninunue kitu sijakishika? Ni mkate wa Bwana huu?"

Wakuu, hapo ndipo penye desturi ya soko lile. Kitu hakinunuliwi mpaka kipite mikononi mwa watu. Chanda akaifungua balbu, akampa jirani, jirani akampa mama aliyekuwa akipasua samaki, naye akaiinua juani akaona waya uko mzima. Mwingine akaigonga kwa ukucha. Kila mmoja alitoa hukumu yake, na zote zilikuwa nzuri. Kisha Chanda akaifuta balbu kwa kitambaa kile kile alichokuwa akifutia matenga, akaenda kuifunga.

Jioni ya kwanza barabara iling'aa mpaka majani ya pembeni yakahesabika. Madereva wenzake walikuja kuangalia, na wawili wakaenda kununua za kwao.

Haikupita muda balbu ya kushoto ikapasuka. Akanunua nyingine, ikashikwashikwa vile vile, ikapasuka. Za wale wenzake nazo zikafa. Maneno yakaanza: Wakongomani wanatuletea takataka.

Kisha ikaja jioni ile ya Kabuta. Chanda alikuwa akiendesha kwa taa moja, nami nimeketi kando yake. Kwenye kona taa hiyo nayo ikapasuka. Giza likatuingia machoni. Nilisikia kelele ya mtu, nikasikia chuma, tukasimama.

Hatukuwa tumemgonga. Mwenye baiskeli alijitupa mtaroni. Samaki wake walitapakaa barabarani, na mkono wake ulikuwa umevunjika. Tulimpeleka hospitali gizani kwa mwendo wa miguu, Chanda ametoa kichwa dirishani akipiga honi njia nzima.

Hofu ile ilikuwa ya haki. Alichokifanya nayo hakikuwa cha haki.

Kesho yake alisimama mwaloni mbele ya madereva wote, akatangaza kwamba yule Mukongomani nusura amfanye muuaji, na kwamba hakuna pikapu itakayobeba mzigo wake tena. Walikubali wote. Hakuna aliyeuliza swali.

Mvua zilikuwa zimeanza. Samaki wa moshi wa mama yule walikuwa wamefungwa tayari, wamefunikwa turubai, wakingoja kwenda Mansa. Samaki wa moshi akikaa kwenye unyevu huota ukungu, na akiota ukungu ni wa kutupa. Mtaji wake wote ulikuwa chini ya turubai lile. Alimwendea dereva baada ya dereva, na kila mmoja akageuza uso.

Nilimshauri Chanda angalau amsikilize. Alinijibu, "Mulamu, wewe ulisikia ule mkono ulivyolia."

Mwisho mama yule alikuja mwenyewe nyumbani kwa Chanda. Tulikuwa tumeketi uani. Hakusalimia sana.

"Bon. Papa, leta ile balbu yenye ilikufa."

"Ya nini? Unirudishie pesa?"

"Leta kwanza. Kelele utapiga nyuma."

Mke wa Chanda ndiye aliyeingia ndani akazitoa. Mama yule akachukua moja, akaigeuza juani, akampa Chanda. Kioo kilikuwa kimevimba upande mmoja kama lengelenge, na juu ya uvimbe palikuwa na doa jeupe. Nililitazama kwa karibu. Lilikuwa na mistari. Ilikuwa alama ya kidole.

"Ile kidole ni ya nani?" akauliza. "Yangu? Mi nilikupatia ndani ya karatasi."

Chanda akaguna. "Kidole kinaweza kupasua kioo?"

"Kidole pekee, hapana. Kidole ya mafuta ya samaki, ndiyo. Hii taa inawaka moto sana, mafuta inaungua pale pale, kiyoo inachoka. Sasa niambie, papa. Kwenu, karabai ya baba yako, nani alikuwa anashikaka kiyoo na mukono ya samaki?"

Aliyejibu ni mkewe, akimwita Baba Mulenga kwa Kibemba, kwa kicheko ambacho nadhani alikuwa amekizuia muda mrefu.

"Bashi Mulenga! Si wewe unayenifukuza mimi kwenye karabai? 'Nawa kwanza, utanipasulia kioo!' Kila siku!"

Wakuu, hebu lifikirini jambo hilo. Mtoto wa wavuvi wa taa, aliyechapwa utotoni kwa kugusa kioo cha karabai kwa mkono mchafu, alisahau yote alipopanda pikapu. Elimu ilikuwa ndani ya nyumba yake. Lakini alikuwa na mgeni wa kulaumu, na mwenye mgeni wa kulaumu hana haja ya kukumbuka.

Mama yule alitoa balbu mbili za mwisho. Akataka pombe kali ya kufutia kioo.

"Hapa ni nyumba ya kanisa," Chanda akasema kwa ukali. "Kachasu haipo."

Jirani yetu, mzee wa kanisa hilo hilo, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya ua, alileta chupa kabla hajaombwa. Sitasema zaidi.

Chanda alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akafuta kioo kwa kachasu na kitambaa safi, akashika kwenye chuma, akafunga. Kisha tukapakia samaki wa mama yule, tukasimamisha gari mbele ya ukuta. Hapo niligundua jingine: mzigo ukikaa nyuma, pua ya gari huinuka, na mwanga huenda mitini. Tukaushusha kwa skrubu mpaka ukalala barabarani. Nanyi pimeni taa gari likiwa na mzigo.

Tulikwenda Mansa, tukarudi. Taa ziliwaka, na samaki waliuzwa wakiwa wazima.

Chanda alitaka kuomba radhi pale pale uani, kimya kimya. Mkewe alikataa. "Ulimsema mwaloni. Nenda mwaloni." Sijasikia kanuni ya haki iliyo fupi kuliko hiyo: msamaha uombwe palipotangazwa lawama, kwa sauti ile ile.

Akaenda. Akasimama mbele ya madereva, akaanza, "Huyu mayo nilimkosea..."

"Mayo yupi?" dereva mmoja akapaza sauti. "Wamejaa hapa!"

Chanda alikuwa amekula faida ya biashara yake, amemshitaki, karibu amfilisi, na ameketi naye kwenye gari hadi Mansa. Jina lake hakulijua. Akamgeukia kumuuliza.

"Leo ndio unauliza?" mama yule akasema. Kisha akamwambia, naye Chanda akalitangaza kwa sauti yake yote.

Taa za halojeni bado zinafungwa hadi leo, na mikono bado ina mafuta. Wenye uzoefu wa taa, au wa lawama za namna hii, karibuni mchangie na mnikosoe. Ila mtakapomtaja humu, naomba msiandike "yule Mkongomani".

Aliitwa Mama Odette Ngoie.