Mradi wa maji ndio ulioniozesha, na wali wangu haukuwa na chumvi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nawaita wakuu kwa adabu ya jukwaa tu, maana wengi wenu ningewapakata. Shikamoo zenu nimezipokea.

Nimeusoma uzi wa juzi, mlivyokuwa mkibishana kama miradi mikubwa ya maji ina faida kwa watu wa njiani, au faida zote huishia mjini. Mmoja wenu akataka ushahidi.

Ushahidi ni mimi. Naandika kwa kidole kimoja, mniwie radhi. Skuli nilikaa kidogo nikatoka, lakini majina ya watu hayajanitoka hata moja. Mwenye kubisha aende Mwabungo amuulize mdogo wangu Mwanaisha. Apaze sauti, masikio yake yamechoka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Kijiji chetu kilikuwa na kisima kimoja, maji yake ya chumvi. Si chumvi ya bahari, la. Chumvi ya kadiri. Twanywa hayo, twaoga hayo, twapikia hayo.

Hapa nisikilizeni vizuri.

Kwa sababu ya kisima kile, hakuna mwanamke wa Mwabungo aliyetia chumvi chunguni. Kisima kilitutilia. Mimi nilifunzwa kupika na nyanya yangu Mwanasiti, na katika mafunzo yake yote neno chumvi sikulisikia. Nilidhani wali huota nayo shambani.

Basi serikali ikaja na mradi. Maji ya chemchemi za milima ya Shimba yageuzwe njia, yateremke kwa mabomba mpaka mjini, na sisi wa njiani tuachiwe mfereji mmoja mmoja, ule wa kufungua na kufunga kwa mkono.

Vijana wakaandikwa kuchimba mtaro. Wakaja wa Msambweni, wakaja wa Lunga Lunga, na mmoja wa Jego, Bakari Mwinyi.

Mtaro ulipita nyuma ya jiko letu. Kwingine kote ulikwenda mbio. Hapo ukakwama.

Nyapara wao, Salimu Mwachai, nilimsikia nikiwa nakuna nazi. "Bakari, wenzako wamefika Galu. Wewe hapo wangoja bomba liote?"

"Kuna mwamba, mzee," Bakari akajibu. "Mwamba mgumu."

Mwamba haukuwepo. Pale ni mchanga mtupu, hata kuku huchimba.

Nami nilimpenda, siwafichi. Umri huu niogope nini?

Bakari akatuma habari kwao. Sasa ukoo wao ulikuwa na desturi yake: posa haijibiwi mpaka mashangazi wa mume waje, wale chakula alichopika binti peke yake, na mtu asikionje kabla yao. Na walikuwa wameshakula kwa mwingine waliyemfikiria, Zuhura binti Athumani wa Vanga. Wali wa Zuhura ulisifiwa mpaka kwetu tukausikia.

Wakaja kwa lori la nazi. Mfereji ulikuwa umefunguliwa siku chache tu nyuma.

Nyanya akaniambia, "Wageni hawapikiwi maji ya kisima na serikali imetuletea maji matamu. Kateke ya mfereji."

Nikateka. Nikapika wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kunde. Nikapika vile vile nilivyofunzwa.

Shangazi mkubwa, Bi Mwanakombo, akatia tonge kinywani. Akatafuna. Akasita. Akamgeukia mdogo wake, Bi Fatuma Shee.

"Fatuma, mdomo wangu una nini leo?"

"Hata wangu, dada. Nilidhani ni safari."

Bi Mwanakombo akanitazama kwa upole. "Mwanangu, hebu tuletee chumvi."

Wakuu, chumvi ndani haikuwamo. Nikakimbia kwa Mama Rehema, hana. Nikakimbia kwa Bi Zainabu, naye akaniuliza, "Ya nini, nani anaumwa na jino?" Mwabungo nzima hapana chumvi. Duka liko Ukunda, na wali wapoa.

Nikarudi mikono mitupu. Nimeshamwona Zuhura amekaa kwenye kiti changu cha harusi.

Nyanya hakubabaika. Akaninong'oneza, nikatoka mbio tena, nikarudi nikaweka mbele ya wageni kata ya maji ya kisima.

"Hii nini?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Chumvi, shangazi."

"Nyunyizeni," nyanya akasema, "kila mtu kadiri yake."

Wakanyunyiza. Wali ukawa uji. Bi Fatuma Shee aliuma mtandio, mabega yakimcheza. "Dada, kwa hawa chumvi hutekwa kwa ndoo."

Hapo nikajua mume sina.

Kisha Bi Mwanakombo akaomba maji ya kunywa. "Na yasiwe haya ya chumvi, tafadhali."

Nikampa ya mfereji. Akanywa yote. Akanirudishia kikombe nijaze, akanywa tena.

"Haya yatoka wapi?"

"Nyuma ya jiko. Wafungua tu, yaja."

Akainuka akaone. Akafungua, akafunga, akafungua. Kwao maji yalifuatwa mbali, hata utosi wake ulikuwa umekaa bapa kwa ndoo. Akanawa miguu. Akaitazama, akainawa tena. Akamwita mdogo wake, wakanong'ona pale mferejini, mimi jikoni nasoma kila sura niijuayo, nazo ni mbili.

Wakarudi wakaketi.

"Mwanasiti," Bi Mwanakombo akasema, "mjukuu wako hajui kupika."

"Sijakataa," nyanya akajibu.

"Kupika hufunzwa. Mfereji huo hatuwezi kuuhamisha. Tumeridhia, ila kijana wetu aishi huku, nasi tuwe twaja kumtazama."

"Mara kwa mara," akaongeza Bi Fatuma Shee.

Na walikuja kweli, na madebe yao. Bakari walimtazama kwa muda wa salamu tu, kisha wakaenda kuoga.

Kwa hiyo mkiuliza faida, hesabuni wenyewe. Mume aliletwa na mtaro, mawifi wa mama mkwe wangu waliletwa na mfereji, na mwenye duka wa Ukunda akaanza kuuza chumvi Mwabungo, biashara ambayo haikuwahi kuwapo.

Funzo langu ni hili: bomba likipita kwenu shukuruni, lakini chungu kionjeni upya, hata kama desturi yakataza.

Marehemu Bakari, Mungu amrehemu, tulizeeka pamoja. Kila akiketi kula, kabla ya bismillahi, aliniuliza, "Leo umepikia maji gani?"

Nanyi ambao bomba limepita kwenu, lilileta nini? Andikeni hapa chini, nitasoma zote polepole. Na kama humu mna wajukuu wa Zuhura binti Athumani, karibuni sana, sina kinyongo. Nasikia wali wake ulikuwa mzuri kweli. Mfereji ndio hakuwa nao.