Mkono wa Sabuni na Evariste Peke Yake

Ukisikia mtu anajisifu mpaka kuku wanaacha kudonoa, ulizia kwanza kama si Evariste. Alikuwa fundi wa kiwanda cha sabuni cha Mama Henriette, kule Keshero, mtaa wa Goma, na kiwanda hicho kilikuwa na roboti. Si roboti ya sinema yenye macho na miguu, usijidanganye. Ni mkono mtupu wa chuma, mrefu kupita mlango, rangi ya manjano, ulionunuliwa mtumba huko Ulaya. Kazi yake kuokota makatoni ya sabuni na kuyapanga juu ya paleti. Pembeni yake lilisimama kabati la nyaya na taa, kontrola, ndilo ubongo wake. Bila kabati, mkono ni mti mkavu.

Na ubongo wenyewe ulikuwa umezeeka. Asubuhi za baridi ulikataa kuamka. Evariste aliufunika kwa kikwembe cha mke wake kama mgonjwa wa malaria, akaubembeleza, akaupiga ngumi ubavuni, akabana vibonye viwili kwa pamoja, na mkono ukanyanyuka. Ubavu upi? Hakumwonyesha mtu. Kwenye mlango wa kabati alipaka kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za lori: EVARISTE PEKE YAKE. Chini yake, namba yake ya simu.

Mama Henriette alikwisha kuleta kontrola mpya, ila ilikaa tu ndani ya nailoni yake.

"Mama, ile kitu ni ya batoto," Evariste alimwambia kila alipouliza. "Unabonyeza, inaenda. Sasa ufundi iko wapi?"

Kisha mabomu yakaanza kusikika toka upande wa Sake. Mara ya kwanza yalikuwa kama mtu anayehamisha meza chumba cha pili. Baada ya hapo vioo vya kiwanda vikaanza kuitikia. Barabarani wakimbizi walipita wakiwa na magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimejaa sufuria na bibi wasioweza kutembea, na hakuna aliyeinua macho kusalimia. Mji wa Goma unajua kupiga kelele. Ukinyamaza, ujue umesikia kitu.

Siku moja Evariste akila sombe, mke wake Kaswera akaweka kijiko chini.

"Baba Wivine, unamukumbuka muzee Ndayambaje?"

Nani asiyemkumbuka? Katika vita vya zamani, wenye silaha walifungua mashine ya kahawa aliyokuwa akiitunza, wakaipakia kwenye lori. Halafu wakauliza: nani anaijua? Muzee, naye mpenda sifa, akainua mkono. Wakampakia juu ya mashine yake, akaifunge huko wanakoipeleka. Mashine haikurudi. Muzee naye hakurudi. Mke wake mpaka leo hajui kama avae nguo za mjane.

"Miye si muzee Ndayambaje," Evariste akasema.

"Kweli. Yeye hakuandikaka jina yake kwa mulango."

Evariste akaisukuma sahani ya sombe kando.

Kesho yake akapasua nailoni. Akang'oa kabati la zamani, akalisogeza kando, akaunga nyaya kwenye jipya. Mkono unapobadilishiwa ubongo husahau nyumbani kwake. Ukiuwasha hivyo hivyo, unaweza kumpiga mtu ukidhani ni katoni. Kwa hiyo akausogeza kiungo kwa kiungo mpaka alama zilizochorwa kwenye kila kiungo zikakutana. Akamwita Béata, mama mkata sabuni.

"Bonyeza ya kijani."

Béata akabonyeza. Mkono ukainuka laini, bila ngumi, bila kikwembe.

"Ni hii tu?" Béata akauliza. "Ni juu ya hii tulikuwa tunakupigia magoti?"

Ilimuuma kuliko jino. Hata hivyo akamfundisha kila mtu: Béata, Carlos, yule zamu anayelinda geti, hata mama mfagiaji.

Likabaki jina. Alishika kisu, akaegemeza ncha kwenye ile E ya kwanza, akasimama hivyo. Kisha akarudisha kisu mfukoni, akaligeuza kabati, mlango ukatazama ukuta.

"Umelifuta?" Kaswera akamuuliza.

"Haionekane tena," akajibu. Na si uongo.

Mji ulipoanguka, mtandao wa simu ulikatika. Wenye silaha wakafika kiwandani mchana kweupe, buti zimejaa matope. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya upole, ile inayotisha kuliko kelele.

"Evariste Roboti ni nani?"

Ndilo jina alilojitangazia mji mzima. Evariste akatazama viatu vyake.

"Alisha kimbia, afande," Béata akasema. "Alipanda boti, akaenda Bukavu."

"Na mashine?"

"Hii? Inajiendea." Akabonyeza. Mkono ukanyanyua katoni, ukaliweka.

Yule mkubwa akatabasamu. "Basi wewe mama, tutaenda na wewe."

Kidole cha Béata kikaganda juu ya kibonye. Evariste akihesabu moyoni aliona njia mbili tu, kujitaja au kunyamaza, na zote zina kaburi. Ndipo akacheka, kile kicheko chake cha zamani.

"Afande! Ukibeba uyu mama, itafaa ubebe kiwanda muzima. Ata zamu anajua. Carlos, bonyeza!"

Carlos akabonyeza. Mama mfagiaji naye akabonyeza. Evariste akabonyeza wa mwisho, kwa makusudi kibonye kibaya, mkono ukasimama njiani, askari wakamcheka.

"Na wewe ni nani?"

"Miye? Mupakiaji wa sabuni, afande."

Uongo mkubwa kuliko majigambo yake yote. Yule mkubwa akajaribu mwenyewe, mkono ukamtii, akafurahi kama mtoto. Akamwacha Béata, na mkono nao akauacha, haukuenea kwenye pikapu. Walikuwa wanatoka alipogonga lile kabati la zamani kwa buti.

"Na hii?"

"Ilisha kufa, afande," Evariste akasema haraka mno.

"Kitu yenye nyaya mingi hivi? Pakia."

Wakaliinua, wakalilaza ndani ya pikapu bila kuuliza mlango uko wapi. Gari lilipokata kona getini, mlango ukaelekea kiwandani. Jua likapiga herufi nyekundu, na namba ya simu chini yake. Béata akazisoma, Carlos akazisoma, wakamtazama Evariste, na jina lake likateremka barabara ya mawe meusi kuelekea mjini.

Siku zilizofuata kila mtu alilalamikia mtandao. Evariste peke yake ndiye aliyeomba usirudi.

Ukarudi Jumapili, katikati ya misa. Simu zikalia kanisa zima, watu wakashangilia, wengine wakalia machozi, padri mwenyewe akacheka. Kaswera akageuka kumtazama mumewe. Mfukoni mwa Evariste simu pia ilikuwa inalia. Akaitoa, akaitazama. Namba hakuijua.